Kathleen Clarke

Kathleen Clarke (Limerick, 11 Aprili 1878 – Liverpool, 29 Septemba 1972) alikuwa mwanasiasa wa Ireland na mwanamke wa kwanza kuwa Meya Mkuu wa jiji la Dublin, wadhifa alioushika kuanzia mwaka 1939 hadi 1941. Kabla ya hapo alikuwa diwani, mbunge na seneta. Jina lake la kuzaliwa ni Kathleen Daly.

Katika vitabu vingi vya historia hutajwa kama mjane wa Tom Clarke, aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi Tangazo la Jamhuri la mwaka 1916 na aliyepigwa risasi na Waingereza baada ya Maasi ya Pasaka. Hilo ni kweli, lakini ujane huo ulianza akiwa na miaka 38, naye aliishi hadi 94. Sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika katika miaka iliyobaki, na nyingi ya kazi hiyo ilikuwa ya halmashauri: vikao, kamati, maktaba, hospitali, nyumba za maskini. Makala hii inaeleza zaidi upande huo, ingawa haiwezekani kuueleza bila kupitia mwaka 1916.

Familia

Alizaliwa Limerick, mji wa bandari kwenye mto Shannon, magharibi mwa Ireland. Wakati huo kisiwa chote kilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake, Edward Daly, alikuwa mfanyakazi katika ghala la mbao na ujanani aliwahi kufungwa kwa sababu ya siasa za kudai uhuru. Alifariki mwaka 1890 akiacha mke mjamzito na mabinti tisa. Mtoto aliyezaliwa miezi michache baadaye alikuwa mvulana wa pekee, naye akapewa jina la baba yake, Edward. Nyumbani walimwita Ned.

Ndugu wa baba, John Daly, ndiye aliyemwonyesha Kathleen siasa za mji zilivyo. Mwaka 1884 John alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kupatikana na mabomu, akakaa katika magereza ya Uingereza hadi 1896. Mwaka 1895 watu wa Limerick walimchagua kuwa mbunge akiwa bado gerezani, lakini uchaguzi huo ukabatilishwa kwa kuwa alikuwa mfungwa. Alipotoka alifungua duka la mikate, na kwa biashara hiyo akailea familia ya marehemu kaka yake.

Kisha ikaja sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1898. Kabla yake halmashauri za Ireland zilikuwa mikononi mwa wenye mali, kwa kuwa kura ilitegemea ukubwa wa kodi. Sheria mpya iliwapa kura wafanyakazi wenye makazi yao, na hata wanawake waliotimiza sharti hilo waliruhusiwa kupiga kura za mitaa, miaka 20 kabla ya kuruhusiwa kupiga kura za bunge. Katika uchaguzi wa kwanza chini ya sheria hiyo John Daly aliingia barazani kwa nguvu ya kura za wafanyakazi, akawa meya wa Limerick kwa miaka mitatu mfululizo, 1899 hadi 1901. Mfungwa wa jana alikuwa sasa amevaa mkufu wa meya. Kathleen, aliyekuwa na miaka 21, aliyaona hayo yote ndani ya nyumba yao.

Ndoa na Marekani

Kathleen alijifunza ushonaji na bado akiwa kijana alikuwa na biashara yake mwenyewe ya kushona nguo. Mwaka 1899 alifika nyumbani kwao mgeni: Tom Clarke, aliyefungwa pamoja na John Daly na kutoka mwaka 1898 baada ya miaka 15 gerezani. Alikuwa mtu mwembamba, amezeeka kabla ya wakati, hana kazi wala fedha, na alimzidi Kathleen kwa takriban miaka 20. Familia haikufurahia uchumba huo. Kathleen hakubadili nia.

Tom alikwenda Marekani kutafuta riziki, naye Kathleen akaifunga biashara yake na kumfuata. Walifunga ndoa New York tarehe 16 Julai 1901. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa John MacBride, aliyekuwa ametoka kupigana Afrika Kusini upande wa Makaburu dhidi ya Waingereza. Waliishi Brooklyn, kisha wakanunua shamba dogo Manorville, katika kisiwa cha Long Island. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa huko. Mwishoni mwa 1907 walirudi Ireland, kwa kuwa Tom aliona vita kati ya Uingereza na Ujerumani inakaribia na hakutaka nafasi hiyo ipite akiwa mbali. Wana wengine wawili walizaliwa Dublin.

Duka la tumbaku na Maasi ya Pasaka

Huko Dublin walifungua duka la kuuza tumbaku na magazeti. Duka lao la mtaa wa Parnell lilikuwa dogo sana, lakini polisi walilikodolea macho mchana na usiku, kwa kuwa lilikuwa kituo cha Udugu wa Kijamhuri wa Ireland, chama cha siri kilichoandaa maasi. Kathleen aliuza tumbaku, alilea watoto, na mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Cumann na mBan, umoja wa wanawake ulioshirikiana na wanajeshi wa kujitolea.

Maasi yalipokaribia, viongozi wa Udugu walijua kwamba huenda wote wakauawa au kukamatwa. Walihitaji mtu mmoja atakayebaki nje akiwa na majina, mipango na fedha kichwani mwake ili kazi isife. Walimchagua Kathleen. Kwa sababu hiyo, wiki ya Pasaka ya mwaka 1916, huku mumewe akiwa Posta Kuu na mdogo wake Ned akiongoza kikosi katika eneo la Mahakama Kuu ya Four Courts, yeye alitakiwa kukaa nyumbani. Wanaodhani kwamba kukaa nyumbani kulikuwa kazi nyepesi wafikirie kusikia mizinga kwa siku sita bila kuruhusiwa kutoka.

Waasi walisalimu amri tarehe 29 Aprili. Kathleen alikamatwa, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei askari walimchukua hadi gereza la Kilmainham kumwaga mumewe. Alikuwa mjamzito lakini hakumwambia, ili asimwongezee mzigo. Alfajiri Tom alipigwa risasi. Usiku uliofuata alirudi katika gereza lilelile pamoja na dada zake wawili kumwaga Ned, ambaye alipigwa risasi tarehe 4 Mei akiwa na miaka 25. Tarehe 5 Mei akauawa John MacBride. Kwa hiyo katika siku tatu mfululizo Kathleen alimpoteza mume, ndugu yake wa pekee wa kiume na mtu aliyesimamia harusi yake. Wiki chache baadaye aliugua na mimba ikaharibika. Mwezi Juni akafariki John Daly, aliyewalea.

Mfuko wa familia za wahanga

Hata hivyo kazi aliyoachiwa aliianza mara moja. Alikuwa amekabidhiwa fedha zilizobaki katika hazina ya maasi, paundi 3,100, nazo akazitumia kuanzisha mfuko wa kusaidia familia za waliouawa na waliofungwa. Maelfu ya wanaume walikuwa wamekamatwa na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kipato kidogo. Familia zao hazikuwa na chakula wala kodi ya nyumba. Baadaye mwaka huohuo mfuko huo uliunganishwa na mfuko mwingine ulioanzishwa na watu wa siasa za wastani.

Kazi ya mfuko ilikuwa ya hisani, lakini pia ilikuwa ya siasa. Kila familia iliyopokea msaada ilikuwa na anwani, na kila anwani ilikuwa uzi wa kuunganisha tena mtandao uliovunjika. Mwanzoni mwa 1917 mfuko ulihitaji katibu wa kulipwa. Kathleen aliunga mkono kijana mmoja aliyekuwa ametoka kifungoni, Michael Collins, na akamkabidhi majina ya watu wa Udugu aliyokuwa ameyahifadhi. Collins alikuja kuwa kiongozi mkuu wa mapambano ya chini kwa chini dhidi ya Uingereza. Mwaka huohuo wa 1917 Kathleen alichaguliwa katika kamati kuu ya chama cha Sinn Féin.

Mwezi Mei 1918 serikali ya Uingereza iliwakamata viongozi wa Sinn Féin kwa madai kwamba wanashirikiana na Ujerumani. Kathleen alipelekwa gereza la wanawake la Holloway, London, bila kushtakiwa mahakamani, pamoja na Constance Markievicz na Maud Gonne MacBride. Watoto wake watatu walilelewa na dada zake Limerick. Afya yake ilidhoofika, akaachiliwa Februari 1919.

Diwani wa Dublin

Uchaguzi wa halmashauri za miji wa Januari 1920 ulifanyika katikati ya vita vya uhuru. Serikali ya Uingereza ilileta utaratibu mpya wa kura: badala ya kuweka alama moja, mpiga kura huandika 1 kwa mgombea anayempenda zaidi, 2 kwa anayemfuata, 3, na kuendelea. Mgombea akishapata kura za kutosha, ziada yake huhamia kwa chaguo linalofuata. Anayeshika mkia huondolewa na kura zake huhamishwa vilevile. Lengo lilikuwa kuzuia Sinn Féin isizoe viti vyote. Hata hivyo chama hicho kilipata viti 42 kati ya 80 vya Dublin. Utaratibu huo umebaki, na mpaka leo Waairishi huchagua madiwani na wabunge wao kwa njia hiyo.

Kathleen Clarke alichaguliwa kuwa diwani mwandamizi, akishinda katika kata mbili, Wood Quay na Mountjoy. Wanawake katika baraza lile walikuwa 5 tu. Mwanamke wa kwanza kabisa kuingia katika halmashauri ya Dublin, Sarah Harrison, alikuwa amechaguliwa mwaka 1912, baada ya sheria kuruhusu wanawake kugombea.

Halmashauri waliyoikuta ilikuwa na mzigo mkubwa. Dublin ilikuwa na makazi mabaya kuliko karibu jiji lolote la Uingereza. Majumba ya kifahari ya karne ya 18 yalikuwa yamegawanywa chumba kwa chumba na kupangishwa kwa maskini. Uchunguzi uliofanywa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ulikuta zaidi ya familia 20,000 kila moja ikiishi katika chumba kimoja. Mwaka 1913 nyumba mbili za mtaa wa Church ziliporomoka na kuua watu 7. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kila siku.

Mwezi Mei 1920 baraza liliamua kuitambua Dáil, bunge la jamhuri ambalo Waingereza walilihesabu kuwa haramu, na kuacha kupeleka hesabu zake kwa idara ya Uingereza. Uamuzi huo ulikuwa wa hatari kuliko unavyosikika. Halmashauri zilizofanya hivyo zilikatiwa ruzuku, na madiwani walilazimika kuendesha hospitali, barabara na maji kwa kodi za wenyeji pekee, huku wenzao wakikamatwa na vikao vikivamiwa na askari. Kathleen alifanya kazi katika kamati za halmashauri, ikiwemo ya maktaba za umma, na pia alikuwa hakimu katika mahakama za jamhuri upande wa kaskazini wa jiji. Mahakama hizo zilisikiliza kesi za kodi, mipaka, madeni na wizi mdogo, mahali ambapo wananchi walikuwa wameacha kwenda mbele ya mahakimu wa mfalme. Nyumba yake ilipekuliwa na askari mara nyingi.

Mkataba na mgawanyiko

Mwaka 1921 aliingia Dáil akiwa mbunge wa Dublin, mmoja wa wanawake 6 wa bunge lile. Desemba mwaka huo wajumbe wa Ireland walitia sahihi mkataba na Uingereza. Mkataba ulitoa dola huru lenye bunge na jeshi lake, lakini wabunge wake walitakiwa kula kiapo cha uaminifu kwa mfalme, na majimbo sita ya kaskazini yalikuwa tayari yametengwa. Wanawake wote 6 walipiga kura ya kuukataa. Kathleen alieleza bungeni kwamba alikwisha kula kiapo kwa jamhuri na hawezi kukirudisha. Mkataba ulipita kwa kura 64 dhidi ya 57, tarehe 7 Januari 1922.

Hapa inafaa kumtendea haki. Alikuwa mpinzani wa mkataba, lakini hakuwa na hamu ya kuona waliopigana pamoja wakiuana. Alikuwa katika kamati ya wabunge wa pande zote mbili iliyojaribu kutafuta maafikiano mwezi Mei 1922. Kamati ilishindwa. Mwezi Juni alipoteza kiti chake, na siku chache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Michael Collins, aliyekuwa upande wa serikali mpya, aliuawa kwa kuviziwa mwezi Agosti.

Vita viliisha mwaka 1923 kwa ushindi wa waliokubali mkataba. Mwaka 1924 serikali yao iliivunja halmashauri ya Dublin na kuikabidhi kwa makamishna watatu. Sababu iliyotolewa ilikuwa uendeshaji mbaya, na ni kweli kwamba halmashauri ilikuwa na kasoro nyingi. Lakini ilikuwa pia ngome ya wapinzani wa serikali. Mkuu wa serikali wakati huo, W. T. Cosgrave, alikuwa yeye mwenyewe diwani wa Dublin kwa miaka mingi. Kwa miaka sita jiji kuu halikuwa na diwani hata mmoja wala meya.

Kathleen alijiunga na chama cha Fianna Fáil kilipoanzishwa na Éamon de Valera mwaka 1926. Alichaguliwa mbunge wa Dublin Kaskazini Juni 1927 na kukipoteza kiti katika uchaguzi mwingine wa Septemba mwaka huohuo. Mwaka 1928 aliingia Seneti, akabaki humo hadi ilipofutwa mwaka 1936.

Kutofautiana na chama chake

Katika Seneti ndipo ilipoonekana kwamba hakuwa mtu wa kuitikia kila lisemwalo na viongozi. Mwaka 1935 serikali ya Fianna Fáil ilileta muswada wa masharti ya kazi. Sehemu kubwa ya muswada huo ilikuwa nzuri kwa wafanyakazi, maana ilipunguza saa za kazi viwandani na kuweka likizo. Lakini kifungu cha 16 kilimpa waziri mamlaka ya kuzuia wanawake wasiajiriwe katika viwanda fulani. Vyama vya wafanyakazi, vilivyojaa wanaume, viliunga mkono kifungu hicho kwa hofu kwamba wanawake wanalipwa kidogo na kwa hiyo watawanyang'anya wanaume kazi.

Maseneta wanawake Kathleen Clarke na Jennie Wyse Power walikipinga. Hoja ya Clarke ilikuwa rahisi: Tangazo la Jamhuri la 1916 liliahidi haki sawa na fursa sawa kwa raia wote, wanaume kwa wanawake, na aliyetia sahihi ya kwanza chini ya ahadi hiyo alikuwa mume wake. Kama mwanamke analipwa kidogo, dawa ni kumlipa sawa na si kumfukuza. Muswada ulipita na kuwa sheria.

Miaka miwili baadaye ikaja katiba mpya ya de Valera. Ibara ya 41 ilitaja mchango wa mwanamke kwa taifa kwa maisha yake ya nyumbani, na kwamba dola itajitahidi ili mama wasilazimike na shida kwenda kazini wakaacha wajibu wao wa nyumbani. Kathleen Clarke aliipinga hadharani akiwa bado mwanachama wa Fianna Fáil, na wapo wanachama waliochukizwa naye. Katiba ilikubaliwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1937. Pendekezo la kubadili maneno hayo lililetwa mbele ya wananchi tarehe 8 Machi 2024 nalo likakataliwa, kwa hiyo ibara aliyoipinga bado imo.

Meya Mkuu

Halmashauri ya Dublin ilirudishwa mwaka 1930 kwa sheria mpya. Idadi ya madiwani ilipunguzwa hadi 35, vitongoji vya Rathmines na Pembroke vikaunganishwa na jiji, na kazi za utendaji akapewa meneja wa jiji, mtumishi wa kuajiriwa. Kathleen Clarke alichaguliwa tena kwa tiketi ya Fianna Fáil.

Meya Mkuu wa Dublin hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Madiwani humchagua mmoja wao kila mwaka katika kiangazi. Chini ya sheria ya 1930 mamlaka yake ni madogo: huongoza vikao, hupokea wageni, huwakilisha jiji. Hawezi kuajiri wala kufukuza, na bajeti huandaliwa na meneja. Lakini heshima ya cheo ni kubwa. Dublin imekuwa na meya tangu mwaka 1229, na cheo cha Meya Mkuu tangu 1665. Anaishi Mansion House, jumba lililojengwa mwaka 1710, na ndimo Dáil ya kwanza ilimokutana tarehe 21 Januari 1919, wakati Kathleen akiwa gereza la Holloway.

Tangu 1930 cheo kilikuwa mikononi mwa Alfie Byrne, mwanasiasa maarufu kwa kumpa mkono kila mtu aliyekutana naye njiani na kuwagawia watoto peremende. Alikuwa ameshika umeya miaka tisa mfululizo. Mwezi Juni 1939 madiwani walimchagua Kathleen Clarke, akiwa na miaka 61, kuchukua nafasi hiyo. Mameya waliomtangulia kwa zaidi ya karne saba walikuwa wanaume wote. Alichaguliwa tena mwaka uliofuata.

Moja ya mambo ya kwanza aliyofanya alipohamia Mansion House ni kuondoa picha ya Malkia Victoria. Wapo walioona ni jambo dogo la kuonyesha hasira. Lakini ikumbukwe Kathleen alikuwa na kaburi la mume na la mdogo wake katika uwanja wa kambi ya Arbour Hill, walikozikwa na askari bila jeneza, na alikuwa amelelewa na mtu aliyefungwa miaka 12 chini ya utawala wa malkia huyo. Kumtaka alale nyumba moja na picha hiyo ingekuwa kumwomba jambo kubwa mno.

Miezi mitatu baada ya kuchaguliwa kwake, Vita Kuu ya Pili ilianza. Ireland haikuingia vitani, lakini ilipata shida zake: makaa ya mawe kutoka Uingereza yalipungua, chai na vyakula vingine vikaanza kugawiwa kwa kipimo, na kazi zikawa chache. Mwanzoni mwa 1940 alikuwa miongoni mwa watu wengi wa Ireland walioiomba serikali ya Uingereza iwahurumie Peter Barnes na James McCormack, waliohukumiwa kifo kwa ajili ya bomu lililoua watu huko Coventry. Walinyongwa Birmingham tarehe 7 Februari 1940. Wakati huohuo serikali ya de Valera ilikuwa inawafunga wanachama wa jeshi la siri la kijamhuri bila kesi, jambo lililomkumbusha mengi mjane wa Tom Clarke na lililoongeza umbali kati yake na chama.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 1941 ndege za Ujerumani zilidondosha mabomu Dublin. Bomu kubwa zaidi liliangukia North Strand, mtaa wa wafanyakazi kaskazini mwa mto Liffey. Watu 28 walikufa na nyumba takriban 300 ziliharibiwa au kubomoka. Baadaye Ujerumani Magharibi ililipa fidia. Kwa Kathleen hayo yalikuwa majuma ya mwisho ya umeya. Kiangazi hicho Peadar Doyle alichaguliwa kumrithi. Mwanamke wa pili kushika cheo hicho, Catherine Byrne, hakupatikana hadi mwaka 1958.

Miaka ya mwisho na kitabu

Alijitoa Fianna Fáil mwaka 1943. Mwaka 1948, akiwa na miaka 69, aligombea ubunge mara ya mwisho kwa chama kipya cha Clann na Poblachta, hakushinda. Mwaka 1966, katika maadhimisho ya miaka 50 ya maasi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Ireland kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa sheria. Wakati huo alikuwa tayari amehamia Liverpool, Uingereza, kuishi na mwanawe mdogo Emmet, na huko ndiko alikofariki. Mwili wake ulirudishwa Dublin, akafanyiwa mazishi ya kitaifa na kuzikwa katika makaburi ya Deansgrange.

Aliandika kumbukumbu za maisha yake, lakini hazikuchapishwa akiwa hai. Mjukuu wa ndugu yake, mwanahistoria Helen Litton, alizihariri na kuzitoa mwaka 1991 kwa jina la Revolutionary Woman. Kitabu hicho husomwa sana na wanafunzi wa historia ya Ireland, na yafaa kisomwe kwa uangalifu. Kathleen hakusahau wala hakusamehe kwa urahisi. Anashikilia, kwa mfano, kwamba rais wa kweli wa jamhuri iliyotangazwa Pasaka 1916 alikuwa Tom Clarke na si Patrick Pearse, ambaye watu wengi humtambua hivyo, na anamwandika Pearse kwa ukali. Wanahistoria hawajakubaliana naye wote juu ya hilo. Mahali anapoaminika zaidi ni pale anapoeleza alichokiona mwenyewe: duka, mfuko wa wafiwa, Holloway, na zile saa mbili za usiku ndani ya Kilmainham, ambazo anazisimulia kwa maneno machache.